Jeanne Mance: hakuolewa, hakuwa sista, hela ya hospitali alitoa wapi?

MamaKanda:

Habari zenu wanajukwaa, Tumsifu Yesu Kristo kwa wa kwetu na salamu kwa wengine wote. Naomba msaada. Kwenye kikao cha WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki Tanzania, paroko ametuambia kila kanda iandae mada kuhusu mwanamke mlei aliyetumikia watu bila kuolewa na bila kuingia utawani, sasa wenzangu wakawahi majina rahisi mimi nikabakiziwa Jeanne Mance wa Canada, enzi za ukoloni wa Wafaransa. Nimesomasoma mtandaoni lakini kila ukurasa una lake, huyu anamwita sista, yule anamwita nesi, mwingine eti ndiye aliyeanzisha jiji la Montréal.

Maswali yangu: alikuwa sista au hakuwa? Na kama hakuwa sista na mume hana, mwanamke peke yake mwaka 1642 hela ya kujenga hospitali alitoa wapi, maana sisi hapa choo cha zahanati tu tunachangishana mwaka wa tatu huu. Na kwa nini mpaka leo siyo mtakatifu? Wamama wa kanda yangu wana maswali magumu jamani sitaki kuumbuka. Kiswahili tu tafadhali, Kifaransa sijui.

Mushi_wa_Bukavu:

Milele amina mama. Mimi ni mtu wa Bukavu lakini naishi Montréal na huku huyo huwezi kumkwepa, kuna mtaa wa Jeanne-Mance, kuna bustani ya Jeanne-Mance pale chini ya mlima ambapo watu wanacheza mpira wikendi, kuna sanamu yake mbele ya hospitali ya zamani. Ngoja nikupe ninayoyajua.

Sista hakuwa. Mlei mwanzo mwisho. Alibatizwa tarehe 12 Novemba 1606 mji wa Langres, mkoa wa Champagne kule Ufaransa, familia ya watoto 12 na yeye wa pili, baba yake mwanasheria wa serikali ya mfalme, kwa hiyo siyo maskini lakini siyo matajiri wa kutisha pia. Inasemekana aliweka nadhiri ya useja akiwa na miaka 6 au 7, hiyo imeandikwa na padre Dollier de Casson ambaye alimfahamu kabisa huku Montréal, sasa kama mtoto wa miaka 6 anajua useja ni nini hapo mtajaza wenyewe. Mama yao alipofariki yeye na dada mwenzake ndio wakalea wadogo zao. Halafu vita ya Miaka Thelathini, ile vita kubwa ya Ulaya, ikafika upande wa kwao na tauni nayo ikaja, ndipo akaanza kuhudumia majeruhi na wagonjwa, unesi wake aliupata humo, siyo darasani.

Mwaka 1640 ana miaka 33 hivi, wadogo wameshakua, akasikia kutoka kwa padre mmoja wa kanisa kuu la Langres kwamba wanawake wameanza kwenda Ufaransa Mpya, ndiyo Canada hiyo, na kweli mwaka mmoja nyuma yake walishaenda masista wa Ursuline na masista wa hospitali huko Québec wakiwa pamoja na mjane mmoja tajiri, Madame de la Peltrie. Naye akasema anaenda. Afya yenyewe dhaifu, ndugu wakashangaa.

Sasa hela. Akaenda Paris, na Paris watu wakaanza kumshangaa kama habari ya mjini, mpaka malkia Anne akataka kumuona. Padre mmoja, Rapine, akamuunganisha na Madame de Bullion, mjane wa Claude de Bullion aliyekuwa mkuu wa fedha wa mfalme Louis XIII. Huyo mumewe alikuwa amefariki mwishoni mwa 1640, ameacha mali isiyo na kifani. Mama huyo akamwambia Jeanne, nataka hospitali ijengwe huko unakokwenda, hela nitatoa mimi, wewe utaisimamia, ila jina langu usilitaje kwa mtu. Na Jeanne hakulitaja, miaka na miaka watu wa Montréal walikuwa wanasema tu "mfadhili asiyejulikana". Kwa hiyo jibu la swali lako mama ni hilo, mwanamke mmoja asiye na mume alipewa hela na mwanamke mwingine aliyefiwa na mume. Ukiangalia sheria za wakati ule inaeleweka, mke wa mtu mali yake iko chini ya mume, sista yuko chini ya mkuu wake na askofu, lakini mjane na binti mtu mzima walau waliweza kutia saini mikataba wenyewe. Mimi naona ndiyo siri ya maisha yake yote hayo, wengi wanamhubiri kama mama wa huruma anayefunga vidonda na hilo ni kweli lakini alikuwa mtu wa mafaili na hesabu pia.

Pale bandari ya La Rochelle akakutana na Jérôme Le Royer de la Dauversière, mkusanya kodi, mlei naye, mwenye mke na watoto, ambaye alikuwa ameunda chama kinachoitwa Société Notre-Dame ili kuanzisha makazi ya kimisionari kisiwa cha Montréal. Jeanne akajiunga. Wakang'oa nanga tarehe 9 Mei 1641, meli mbili, kiongozi wao Paul de Maisonneuve ambaye naye hakuoa maisha yake yote. Meli ya Jeanne ikafika Québec Agosti, ya Maisonneuve ikachelewa, baridi ikawakuta hukohuko ikabidi wasubiri mpaka masika. Tarehe 17 Mei 1642 ndiyo wakaanzisha Ville-Marie, Montréal ya leo hiyo, watu kama 40 tu hivi, na yeye alikuwa mweka hazina na nesi wao kwa wakati mmoja. Jiji lenyewe lilimtambua rasmi kuwa mwanzilishi pamoja na Maisonneuve mwaka 2012, yaani miaka 370 baadaye! Kabla ya hapo alikuwa pembeni ya mnara. Kwa maana halisi, mnara wa Maisonneuve pale Place d'Armes wa mwaka 1895, yeye Maisonneuve yuko juu na bendera, Jeanne yuko chini kwenye kona anamfunga mtoto kidonda.

Utakatifu sijausahau, ila naingia kazini nitarudi.

Kichwa_Ngumu:

Stori tamu lakini naomba kuuliza kama mtu mweusi. Hicho kisiwa kilikuwa cha nani? Maana naona mnasema "wakaanzisha makazi" kama vile pori tupu. Halafu hospitali ya kumtibia nani hasa, wenyeji au walowezi? Sisi tunajua hii filamu, anakuja mwenye msalaba na dawa nyuma yake anafuata mwenye bunduki. Huruma ya mkoloni ni huruma yenye risiti.

nesi_wa_zamu:

Kichwa Ngumu umeanza 😂

mwl_Mbeyela:

Swali la Kichwa Ngumu ni halali na mama mwenye mada bora alijue kabla wamama hawajamuuliza. Nimefundisha historia muda mrefu kwa hiyo mnivumilie.

Mpelelezi Mfaransa Jacques Cartier alipofika kisiwa kile mwaka 1535 alikuta kijiji kikubwa, Hochelaga, chenye uzio wa magogo na mashamba ya mahindi. Mfaransa mwenzake Champlain alipopita 1603 kijiji hakipo. Wanahistoria wanabishana ni vita, magonjwa au vyote. Kwa hiyo 1642 hakukuwa na kijiji pale lakini tupu hapakuwa, Waalgonquin walipita na kudai ni kwao, na Wairoquois, hasa Wamohawk, walikuwa wanaitumia ile mito kwa uwindaji na vita. Kisiwa kiko pale mito inapokutana, ukikaa hapo umekaa kwenye njia ya biashara ya ngozi za wanyama, na Wamohawk walikuwa na silaha za moto walizonunua kwa Waholanzi. Kwa macho yao Wafaransa wamekuja kujenga ngome mlangoni mwao na kufanya urafiki na maadui zao. Wangefurahi? Mashambulizi yalianza 1643, mwaka mmoja tu baada ya kufika.

Nani alitibiwa: wote. Lengo la Société lilikuwa kuwageuza wenyeji wawe Wakristo, hilo halifichwi, na hospitali ilikuwa sehemu ya mpango huo, na mwanzoni walilazwa Waalgonquin na Wahuron na hata mateka wa Kiiroquois waliojeruhiwa. Lakini kadiri vita ilivyokolea wagonjwa wengi wakawa Wafaransa waliopigwa mishale na mashoka. Na magonjwa yenyewe, ndui hasa, yaliwamaliza wenyeji vibaya na yaliletwa na hao hao Wazungu. Kwa hiyo yule mama aliuguza kwa moyo, sina shaka, na wakati huohuo alikuwa sehemu ya mradi uliowanyang'anya watu ardhi, na mfano mzuri ni zile livre 22,000 (livre ni hela ya Wafaransa wa enzi hizo). Mushi anaijua hiyo nadhani.

nesi_wa_zamu:

Mimi nachangia upande wa wodi. Hospitali ya kwanza ilikuwa chumba tu ndani ya ngome. Jengo lenyewe, Hôtel-Dieu, lilisimama Oktoba 1645 kwenye ule mtaa unaoitwa Saint-Paul, nje ya ngome, na kwa kuwa liko nje walikuwa wanashambuliwa mpaka 1651 Jeanne akalazimika kuhama arudi ndani ya ngome na jengo likageuzwa kuwa kituo cha askari. Julai mwaka huohuo Lambert Closse, mkuu wa askari, na watu wake 16 walilipigania siku nzima.

Na baridi jamani. Kuna sista Marie Morin aliyeingia hapo 1662 akaja kuandika kumbukumbu za nyumba, anasema theluji ilikuwa inapenya kwenye nyufa za paa na kuta, asubuhi wanaanza kwa kuizoa na koleo humohumo ndani, mkate unaganda mezani. Halafu mgonjwa wako ana kidonda cha shoka kichwani. Sisi umeme ukikatika dakika kumi tunaandika barua kwa mganga mkuu.

Kingine kilichonifurahisha ni bima. Mwaka 1655 daktari mpasuaji Étienne Bouchard alifanya mkataba na familia za pale, kila familia inalipa sou 100 kwa mwaka, ndiyo livre 5, naye anawatibu wakiugua. Ila baadhi ya magonjwa hayamo, tauni haimo, ukoma haumo, kifafa hakimo. Miaka zaidi ya 360 iliyopita na tayari kuna "huduma hii haipo kwenye kifurushi chako" 😂

Huyohuyo Bouchard ndiye aliyemtibu Jeanne alipoteleza kwenye barafu Januari 1657 akavunjika mkono wa kulia. Akaunga mifupa lakini hakuona kwamba kifundo cha mkono kimeteguka, basi mkono ukapooza, hawezi hata kuvaa nguo mwenyewe. Nesi mkuu wa koloni, mkono umekufa.

MamaKanda:

Asanteni sana yaani mmenifungua, hata wewe Kichwa Ngumu maana bora niulizwe hapa kuliko kule. Sasa huo mkono ulipona? Na 22,000 ni nini mbona mnanining'iniza.

Mushi_wa_Bukavu:

Nimerudi. Naanza na mkono kwa sababu unakwenda na suala la utakatifu.

Mwaka 1658 akasafiri kwenda Ufaransa pamoja na Marguerite Bourgeoys, yule mwalimu ambaye mwaka huohuo alikuwa amefungua shule ya kwanza ya Montréal kwenye zizi la mawe. Marguerite ndiye akawa mikono yake njiani. Tarehe 2 Februari 1659, sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni, Jeanne akaenda kanisa la seminari ya Saint-Sulpice Paris kulipokuwa na mabaki ya padre Jean-Jacques Olier, mwanzilishi wa mapadre wa Saint-Sulpice, akaushika mkononi ule moyo wake uliohifadhiwa, akasema alihisi joto na mkono ukaanza kufanya kazi. Siku chache baadaye akaandika ushuhuda kwa mkono uleule. Mwenye kuamini aamini. Ila angalieni alivyokuwa mtu wa kazi, safari haikuwa ya matibabu tu, alienda kutafuta masista wa kuja kuendesha hospitali akiwa bado hai, na hela zaidi kutoka kwa Madame de Bullion. Akarudi na masista watatu wa Mtakatifu Yosefu kutoka La Flèche, Judith Moreau de Brésoles, Catherine Macé na Marie Maillet, kwa meli ya Saint-André ambayo ilikuwa imetumika kama hospitali ya askari bila kusafishwa vizuri, tauni ikalipuka baharini, watu kadhaa wakafa wakatupwa majini na yeye mwenyewe akaponea chupuchupu.

Masista wamefika, na yeye hakujiunga nao. Hii ndiyo wamama wako waizingatie. Angeweza kabisa kuvaa shela ya utawa akawa mama mkuu, akabaki mlei na msimamizi wa mali ya hospitali mpaka alipofariki 18 Juni 1673.

Utakatifu: Papa Fransisko aliidhinisha fadhila zake za kishujaa Novemba 2014, kwa hiyo yuko ngazi ya Mheshimiwa, bado muujiza mmoja uthibitishwe awe Mwenyeheri na mwingine ndipo awe Mtakatifu. Muujiza wa mkono hausaidii kwa sababu ulimtokea yeye, na ni wa Olier. Marguerite yeye alitangazwa mtakatifu 1982, na ukiniuliza mimi sababu kubwa ni kwamba aliacha nyuma shirika lenye masista wengi wa kusukuma faili Roma. Jeanne mlei, hana shirika lake, nani amsukumie?

hesabu_tupu:

Hiyo 22,000 naomba niielezee mimi kwa sababu ni taaluma yangu na ni kesi safi ya fedha za mfadhili.

1651 mambo ni mabaya, watu wanauawa, Wahuron washirika wao wameshasambaratishwa tangu 1649, Ville-Marie inakaribia kufungwa. Jeanne akamwambia Maisonneuve, kuna livre 22,000 za hospitali ziko Ufaransa, zichukue, ukaajiri watu wa kuilinda koloni. Badala yake hospitali ikapewa nusu ya shamba la uongozi wa koloni, arpent 100 (kipimo cha ardhi cha Wafaransa) pamoja na majengo. Maisonneuve akaondoka akasema nisipopata watu 100 sirudi na ninyi rudini Ufaransa. Akarudi 1653 na watu karibu 100, ndimo alimokuja Marguerite Bourgeoys na hata yule Bouchard wa bima. Koloni ikapona.

Sasa kihasibu: hela ilitolewa kwa ajili ya wagonjwa maskini, ikatumika kuajiri walinzi, na hospitali ikabadilishiwa kwa ardhi ambayo thamani yake haifiki hapo. Askofu Laval wa Québec alipokuja kuliona akasema hapana, huu mkataba una kasoro, na mvutano ukaendelea miaka. Jeanne alijitetea kwa kusema koloni ingekufa hospitali nayo ingekufa na hela yote ingepotea, na mwenye hela mwenyewe aliridhia. Kiukweli Madame de Bullion aliposikia hali ilivyo hakudai kurudishiwa, aliongeza nyingine. Mimi kama mkaguzi ningeandika hoja ya ukaguzi halafu nyumbani ningekiri kwamba ningefanya hivyohivyo.

Na angalieni pigo lingine. Hela aliyotoa Bullion kwa ajili ya matunzo ya wale masista watatu iliwekwa mikononi mwa Dauversière kule Ufaransa, akafariki Novemba 1659 akiwa amefilisika, wadai wakabeba kila kitu. Masista wamefika Montréal na hawana senti. Jeanne akavuka tena bahari 1662 kuhangaikia mambo ya hospitali na ya Société iliyokuwa inakufa, na 1663 kisiwa chote kikaenda kwa mapadre wa Saint-Sulpice. Mwanamke anakaribia miaka 60, meli za mbao, miezi miwili majini.

Kichwa_Ngumu:

Sawa, kwa hiyo nilichosema ni kweli. Hela ya dawa ilinunua bunduki, na ardhi waliyopeana kama malipo haikuwa yao. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema MamaKanda usiende kuwaambia wamama kwamba alikuwa malaika, waambie na hiyo 1651.

mwl_Mbeyela:

Hapo tuko pamoja Kichwa Ngumu. Ningeongeza tu kwamba walioajiriwa 1653 wengi walikuwa mafundi na wakulima waliojua pia kushika silaha, wakabaki wakalima, na hilo kwa Wamohawk pengine lilikuwa baya kuliko jeshi, maana askari huondoka.

wanjiru_wa_naks:

Niaje wadau, nasoma kutoka Nakuru. Mbona hakuna mtu ametaja Kateri Tekakwitha? Mama MamaKanda kama bado hujaandika, huyu anaingia hapo hapo, tena anajibu ile swali ya Kichwa Ngumu. Msichana wa Mohawk, mamake Algonquin, amezaliwa 1656, ndui ikaua wazazi wake na kakake akiwa na miaka 4 hivi, ikamwachia makovu na macho dhaifu. Wajomba wakataka aolewe akakataa katakata. Akabatizwa 1676, mwaka uliofuata akatorokea misheni ng'ambo ya mto kutoka Montréal, akawa anaangalia wagonjwa na wazee, akafa 1680 akiwa na miaka 23 ama 24. Alitangazwa mtakatifu Oktoba 2012. Hakuwa sista pia. Na hawakukutana na Jeanne kwa sababu Jeanne alikuwa ameshafariki.

MamaKanda:

Dada Wanjiru ubarikiwe, nitawaweka wote wawili, Jeanne kwanza halafu Kateri, ili mwenye swali la ardhi apate jibu kwa mwenye ardhi. Nimepewa dakika 20 tu lakini paroko atanivumilia. Mushi swali la mwisho kaka yangu, kaburi lake liko wapi? Na hospitali bado inafanya kazi?

Mushi_wa_Bukavu:

Hospitali ilihamia avenue des Pins mwaka 1861, masista wakahamisha na mabaki ya marehemu wao, na Jeanne yumo, chini ya kanisa la pale. Moyo wake alikuwa ameuachia mji kwa wosia, ukahifadhiwa kwenye kanisa la hospitali ukisubiri kanisa la parokia liishe kujengwa, moto wa 1695 ukaunguza hospitali na moyo ukaungua humo. Wagonjwa walianza kuhamishiwa hospitali kubwa mpya ya chuo kikuu, CHUM, mwaka 2017. Majengo bado yapo na makumbusho ya masista yako hapohapo pembeni, nikipita nitakupigia picha ya sanamu uwaoneshe wamama.

MamaKanda:

Piga na ile ya Place d'Armes, aliyoko kwenye kona.